MJADALA: Tuwalazimishe wakulima wa Dodoma kufunga dripu, au tupime maji kwanza?

Wadau, salaam. Kuna hoja inazidi kupata nguvu huku kwetu: kila mwenye kisima cha kumwagilia alazimishwe kufunga dripu, yaani mipira yenye matundu inayodondosha maji kwenye shina, na anayetumia mifereji anyimwe kibali cha maji. Uchungu wake ni wa kweli. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na jua la hapa lina uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya hizo. Hata jiji lenyewe linategemea visima vya Makutupora. Lakini mimi napinga kulazimishana.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanakadiria kuwa maji yanayomfaa mmea shambani ni asilimia 60 kwa mifereji, 75 kwa springla (ya kurusha maji kama mvua) na 90 kwa dripu. Hiyo 90 ni ya dripu inayotunzwa. Majuzi nilikuwa Mpunguzi, shamba la zabibu la jirani, dripu yake ina mwaka wa tatu. Kila tundu linatakiwa kutoa lita 2 kwa saa. Tukatega makopo mawili, moja mwanzo wa mpira na jingine mwisho, tukasubiri nusu saa. La mwanzo lilipata karibu lita nzima. La mwisho halikufika robo. Tulipoupasua mpira ndani kulikuwa na utando mweupe wa chokaa, kama ule wa kwenye birika, na filta haijaoshwa tangu kiangazi kilichopita. Sasa afanyeje? Anaacha pampu iendelee saa mbili zaidi ili mizabibu ya mwisho inywe, ya mwanzo inazama. Huyo kibali angepewa!

Linaloniumiza zaidi ni hili: maji yaliyookolewa hayabaki kisimani. Aliyekuwa na ekari moja anaongeza ya pili. Kwenye mfereji, maji yanayozama kupita mizizi, sehemu yake hurudi chini ardhini. Kwenye ekari mbili za dripu karibu yote yanapaa kupitia majani, kwa hiyo kisima kinaweza kushuka kuliko mwanzo.

Kwa hiyo nasema: kila kisima cha kilimo kifungwe mita, kibali kitaje kiasi cha maji kwa msimu, njia mkulima achague mwenyewe. Mnasemaje?

Mchangiaji, Bahi: Ndugu, mita sawa, ila sisi wa majaruba ya mpunga tuacheni. Maji yetu ni ya mto Bubu, yasipoingia kwenye mpunga yanaishia bwawani Bahi, yanakaukia huko kwenye chumvi. Tunampotezea nani? Na mfereji wa udongo utaufunga mita wapi? Nani ataisoma?

Mleta mada: Mkuu, la bwawa nimelipokea, Bahi na Makutupora visihukumiwe kwa kipimo kimoja. Ila hata kwenu aliye mwisho wa mfereji analia kila msimu, wa juu akijaza jaruba usiku. Pale banioni, maji ya mto yanapoingilia mfereji, simikeni rula, kina cha maji kisomwe asubuhi na jioni, zamu zigawanywe kwa hesabu hiyo. Kwa visima, jumuiya ya watumia maji isome mita na namba zibandikwe ofisi ya kijiji. Jirani ndiye anayejua pampu ya nani imeunguruma usiku kucha.