Bunduki ya 1943 iliyopigwa msasa na kugongwa namba mpya, kisha nikauziwa kuwa ni "halisi"

Wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nawaandikia hasa ndugu zetu walioko Marekani ambao, kama mimi, wana ile leseni ya wakusanyaji wa silaha inayotolewa na ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, ya dola 30 kwa miaka 3, inayomwezesha mtu kununua silaha kongwe iliyotimiza miaka 50 kutoka jimbo jingine.

Niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni Lee-Enfield No. 4, bunduki ya jeshi la Uingereza, ambayo Wakenya wengi wanaifahamu kwa jina la Mark Four, iliyotengenezwa mwaka 1943 katika kiwanda cha Savage huko Chicopee Falls, Massachusetts. Tangazo lilieleza kwamba ni halisi, namba zote zinalingana, yaani namba ya kwenye mwili ndiyo iliyo kwenye vipuri vyake, na mbao hazijaguswa. Nililipa bei inayoendana na maneno hayo, kwa kuwa Savage ambayo haijachezewa ni adimu: bunduki hizo zilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza chini ya mpango wa Lend-Lease, ambao Marekani ilitumia kuwapa washirika wake silaha wakati wa vita, ndiyo maana zimegongwa U.S. PROPERTY ubavuni ilhali Wamarekani wenyewe walikuwa na bunduki yao, Garand, na baada ya vita nyingi zilipita katika karakana za kijeshi ambako vipuri vya viwanda mbalimbali vilichanganywa.

Nilipofungua boksi, kilichonipokea ni harufu ya vanishi. Kitako kizima kilikuwa kimepigwa msasa hadi kingo zake zikapotea umbo, mbao zikawa chini ya usawa wa bamba la chuma la nyuma, na ile herufi S ndogo ya Savage, pamoja na mihuri ya wakaguzi, vyote vikafutika. Juu yake muuzaji akapaka vanishi inayong'aa kama meza ya hotelini, iliyoganda hata ndani ya mifereji ya skrubu. Mbao za bunduki hizi zilitunzwa kwa mafuta ya kitani, yanayopakwa kidogo kidogo kwa kiganja na kuachwa yaingie. Uchafu wa zamani hutolewa taratibu kwa kitambaa na kiyeyushi laini, na mikwaruzo ya vitani huachwa ilivyo. Muhuri uliokwisha kuliwa na msasa haurudishwi na fundi yeyote.

Ningeweza kuvumilia mbao. Lililonikera zaidi ni komeo, yaani kile chuma cha mkono kinachosukuma risasi ndani na kufunga mtutu kwa nyuma. Nyuma ya mkono wa komeo kuna namba inayofanana kabisa na ile ya kwenye mwili wa bunduki, lakini ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unaona bonde dogo lililochongwa kwa tupa, chuma chake cheupe bado, na tarakimu zilizogongwa kwa mkono zikipanda na kushuka, zikiwa na umbo tofauti na zile za kiwandani. Upande wa chini kuna herufi LB, alama ya Long Branch, kiwanda cha Kanada. Najua yupo atakayeniambia kwamba hata mafundi wa jeshi walibadilisha makomeo na kugonga namba upya. Ni kweli, lakini wao walihakikisha kwanza kwamba meno yote mawili ya komeo yanabeba uzito sawasawa, wakapima, ndipo wakagonga. Na chuma walichokigusa wao miaka ya 1940 au 1950 kisingekuwa kinameta leo.

Muuzaji huyu hakupima chochote. Kichwa cha komeo cha No. 4 hutengenezwa kwa saizi nne, kuanzia 0 hadi 3, ili kurekebisha nafasi iliyopo kati ya komeo na ukingo wa risasi. Bunduki hii ililetwa ikiwa na kichwa namba 3, kilicho kirefu kuliko vyote, na bado komeo lilifunga bila kusita juu ya geji ya inchi 0.074, kipande cha chuma cha kupimia nafasi hiyo, ambacho komeo halipaswi kufunga juu yake kabisa. Maana yake ni kwamba saizi ya juu zaidi ya kurekebishia haipo. Ukiifyatua katika hali hiyo, ganda la risasi hunyooka na linaweza kukatika karibu na kitako chake, na gesi ya moto ikarudi upande wa uso wako. Tangazo halikusema kuwa ni pambo la ukutani. Lilisema iko tayari kwa kiwanja cha shabaha.

Nilipomwandikia alinijibu kwamba "ameisafisha", na kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kuisafisha! Mtu huyu huyu aliweka ndani ya boksi karatasi ya maelekezo inayosema kwamba baada ya kutumia risasi za zamani inatosha kupaka mafuta ndani ya mtutu, na kwamba maji ni mwiko. Fataki (viwashio vya baruti) za risasi nyingi za kijeshi za wakati ule huacha chumvi, na chumvi haiyeyuki katika mafuta, bali hukaa chini yake ikivuta unyevu hadi kutu ianze kula mifereji ya ndani ya mtutu. Kinachoiondoa ni maji, yakiwa ya moto ni bora zaidi kwa sababu chuma hukauka haraka, kisha kitambaa kikavu, na mafuta mwisho. Askari wa Kiingereza walipewa hata faneli ya kumiminia maji ya moto kwenye chemba. Ni wanunuzi wangapi wapya wameharibu mitutu yao kwa kuifuata karatasi hiyo?

Nililipa kwa kadi, na dai langu tayari liko benki. Nimeambatanisha picha za namba, za kitako na za komeo likiwa limefunga juu ya geji. Yeyote aliyenunua No. 4 mtandaoni kwa maelezo ya "namba zinalingana" na akakuta chuma kimechongwa chini ya namba, naomba aweke hapa picha ya nyuma ya mkono wa komeo, iliyopigwa kwa karibu na kwenye mwanga wa pembeni, pamoja na maneno ya tangazo kama yalivyokuwa. Na kabla hajaifyatua, aipeleke kwa fundi mwenye geji.