Mrejesho: umbali wa gurudumu linalozunguka

Wakuu, asanteni kwa majibu. Kwa aliyechelewa: niliuliza gurudumu la baiskeli lenye kipenyo cha sentimita 70 likizunguka mara 500 linakwenda umbali gani.

Hesabu yenyewe fupi. Mzingo ni pai mara kipenyo: 22/7 × 70 = sentimita 220, yaani mita 2.2 kwa kila mzunguko. Zidisha kwa 500, unapata mita 1,100. Sharti ni moja tu, tairi lisiteleze.

Ila aliyeniambia nipime ardhini badala ya kuamini kipenyo ndiye aliyenifaa zaidi. Nilichora alama ya chaki kwenye tairi na chini, nikapanda ili uzito uwepo, mwenzangu akasukuma mpaka alama ikagusa tena ardhi. Ilitoka mita 2.16. Tairi hubonyea likibeba mzigo, kwa hiyo kila mzunguko unafupika kidogo. Kwa mizunguko 500 ni mita 1,080, pungufu ya mita 20. Kwa mtihani tumia 2.2, kwa kuseti kidude cha kuhesabu kilomita, mimi nachukua 2.16.

Na lile swali la pembeni, kwamba alama ya chaki yenyewe inasafiri umbali gani katika mzunguko mmoja: haisafiri mita 2.2. Inapanda na kushuka kwa upinde, na urefu wa upinde huo ni nusukipenyo mara 8, yaani 35 × 8 = sentimita 280. Hapo pai haimo kabisa! Hilo bado linanishangaza. Mwenye njia ya kulithibitisha bila kalkulasi aiweke hapa.