Naomba mwongozo: kwenda Ubelgiji kuangalia Ronde van Vlaanderen, tusimame wapi?

mnyororo_mkavu

Wakuu habarini. Mimi na mke wangu tunapanga kwenda Ubelgiji mwezi wa nne kuangalia mbio za baiskeli za Ronde van Vlaanderen pale pale barabarani. Gari hatutakodi. Kinachonisumbua ni kwamba mbio ni za siku moja, kilomita kama 270, zinaanzia mji mmoja na kuishia mwingine. Ukisimama pabaya unaona jezi zinapita sekunde chache, umebaki na barabara tupu. Tusimame wapi tuwaone zaidi ya mara moja, na tulale wapi usafiri usitutese? Tungependa pia kuona mwanzo na mwisho kama inawezekana. Wanaozijua zile barabara naomba maelezo ya kina, siyo ya juu juu.

gia_ndogo

Karibu mkuu. Kwanza achana na wazo la kuwafukuza kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanaume huanzia Brugge au Antwerpen, miji hiyo hupokezana, lakini tangu 2012 mbio huishia Oudenaarde, na nusu ya pili yote huzungukia vilima vilivyo jirani na mji huo. Hiyo mizunguko ndiyo itakayokuletea waendeshaji mara kadhaa ukiwa umetulia.

Waandaaji wakitoa jedwali la njia, angalia safu ya kilomita zilizobaki. Miaka ya karibuni limekuwa karibu lile lile, na majina haya ni ya vilima: Oude Kwaremont mara ya kwanza zikibaki kama 135, mara ya pili zikibaki 55, Paterberg 51, Koppenberg 45, halafu Kwaremont ya tatu zikibaki 17 na Paterberg ya mwisho zikibaki 13. Mwendo wao ni wastani wa kilomita 43 au 44 kwa saa. Sasa piga hesabu. Kati ya Kwaremont ya kwanza na ya pili kuna kilomita 80, yaani saa moja na dakika hamsini hivi. Kati ya ya pili na ya tatu kuna 38, dakika hamsini na kitu. Lakini kutoka Kwaremont ya pili hadi Paterberg ni kilomita nne tu: wao wanatumia dakika sita, wewe kwa miguu kupitia vinjia vya mashambani unahitaji kama nusu saa. Wageni wengi huteleza hapo. Wanaona kwenye ramani vilima vimepakana, wanadhani watawahi vyote viwili katika mzunguko mmoja. Hamtawahi.

Kwa hiyo mna njia mbili. Ama mnakaa Kwaremont na kuwaona mara tatu, ama mnawaona Kwaremont mara ya kwanza, mnatembea taratibu hadi Paterberg katika lile pengo refu, na mnabaki huko kwa mara zote mbili. Idadi ni ile ile, tatu. Mimi napendelea ya pili, na sababu ni umbo la kilima. Kwaremont ina mita 2,200 na wastani wa asilimia 4, kwa hiyo unaona kipande kidogo tu. Paterberg ni mita 360, wastani asilimia 12.9, na penye ukali zaidi inagusa 20.3. Kuna mashamba yenye mteremko kando yake, na ukisimama shambani unaona kilima karibu chote, na mwendeshaji anayeachwa na wenzake unamfuata kwa macho kuanzia chini mpaka anapotokeza juu. Mwendo unashuka kiasi kwamba unaona nyuso na kusikia mnyororo ukibadilisha gia. Hata barabara ya pale, ambayo imetandikwa mawe badala ya lami, iliwekwa na mkulima wa pale aliyetaka mbio zipite kwake, na 1986 zikapita kweli.

Mkiamua Kwaremont, msijazane kijijini kwenye mahema ya bia. Shukeni chini ya kijiji, mahali lami inapoisha na mawe kuanza. Ukali wa asilimia 11.6 uko huko, na huko ndiko kundi hurefuka kwa sababu kila timu inataka kuingia kwenye mawe ikiwa mbele. Juu ya kijiji mwinuko unalegea, wanapita kwa kasi na upepo ni mkali.

reli_na_pedeli

Naongezea usafiri. Laleni Gent, siyo Oudenaarde. Oudenaarde ni mji mdogo, vyumba vya wikendi ile huisha mapema na bei hupanda. Chini ya uwanja wa ndege wa Brussels kuna stesheni, na treni za moja kwa moja hadi Gent-Sint-Pieters huchukua kama saa moja. Kutoka Gent hadi Oudenaarde ni takribani nusu saa.

Kazi iko kwenye kilomita kama kumi za kutoka Oudenaarde hadi Kwaremont. Kwa miguu ni zaidi ya saa mbili, na mtafika mmechoka kabla siku haijaanza. Kodini baiskeli, na muiweke oda wiki nyingi kabla. Ya kawaida yenye tairi pana inatosha, msihangaike na ya mashindano. Fuateni njia ya kando ya mto Scheldt kwenda upande wa Berchem: ni tambarare, haina magari, na haitegemei barabara zinazofungwa. Kilima mnakipata mwishoni tu. Baiskeli ifungeni mbali na njia ya mbio, kilomita moja hivi kabla, mmalizie kwa miguu. Msiifunge kwenye uzio wa chuma wa waandaaji. Uzio ule husogezwa, na baiskeli itaondolewa pamoja nao.

Mambo mawili huwaharibia watu siku. La kwanza ni ratiba: mbio ni Jumapili, na siku hiyo treni ni chache, kwa hiyo ukikosa moja unaweza kusubiri saa nzima. Wanaume huanza kama saa nne asubuhi na kufika Kwaremont ya kwanza kwenye saa saba mchana, basi panga uwe Oudenaarde kabla ya saa tano. La pili ni simu. Kwenye vilima mtandao huzidiwa na umati. Pakua ramani mapema, piga picha ya jedwali la muda, na beba pawabenki. Pale Kwaremont kijijini huwa kuna skrini kubwa, ndiyo njia ya uhakika ya kujua nani yuko mbele.

jiwe_kwa_jiwe

Nakubaliana na hesabu za gia_ndogo, lakini Koppenberg msiipuuze. Iko Melden, karibu zaidi na Oudenaarde, na baiskeli inafika haraka. Hasara yake ni kwamba wanaume hupita mara moja tu. Faida yake ni mita 600 zenye wastani wa asilimia 11.6 na sehemu ya asilimia 22, kwenye barabara nyembamba iliyozama katikati ya kingo mbili.

Uamuzi uwe wa hali ya hewa. Ikiwa kavu, nendeni Paterberg. Mvua ikinyesha usiku au asubuhi, Koppenberg ndiyo mahali. Udongo wa mashambani huoshwa juu ya mawe, tairi la nyuma linakosa mshiko, na ukisimama kwenye pedeli ili kukandamiza, uzito unahama mbele na gurudumu hilo linazunguka bure. Mmoja akishusha mguu, aliye nyuma yake hana pa kupita, naye anashusha, na kwenye mwinuko ule wenye matope huwezi kuanza upya. Mwaka 2024 ilitokea hivyo hivyo: mwendeshaji Van der Poel akapanda na kutokomea, na nyuma yake waendeshaji wa kulipwa wakawa wanasukuma baiskeli kwa miguu. Kilima hiki kiliondolewa baada ya 1987, pale gari la wasimamizi lilipopita juu ya baiskeli ya Jesper Skibby aliyekuwa ameanguka, na kikarudishwa 2002.

Na hili naomba mlizingatie popote mtakaposimama. Waendeshaji hukwepa mawe kwa kupita kwenye ukingo mwembamba ulio laini kando ya barabara. Ukingo huo uko sentimita chache kutoka kwenye miguu ya watazamaji. Mwaka 2017 pale Kwaremont, mwendeshaji Sagan alikuwa akimfukuza mwenzake Gilbert, akapita karibu mno na uzio, akanasa kwenye koti lililoning'inizwa. Akaanguka, na Van Avermaet na Naesen wakaanguka naye. Koti tu. Basi usitundike kitu chochote kwenye uzio: koti, bendera, wala mfuko. Mkono wenye simu usipite juu ya uzio, kwa sababu kupitia kamera unaona mwendeshaji yuko mbali kuliko alivyo.

mnyororo_mkavu

Nashukuru sana, hiki ndicho nilichokitafuta. Mke wangu anauliza mbio za wanawake: ni siku hiyo hiyo, au tubaki siku nyingine? Na viza je, tuombe lini? Mwanzo wa wanaume kule Brugge au Antwerpen tuufute kabisa?

klasiki_za_machipuko

Ni siku hiyo hiyo dada yetu, na ndiyo itakayowapa huo mwanzo na mwisho mnaoutaka. Wanawake huanzia Oudenaarde na kumalizia Oudenaarde, na miaka ya karibuni wamekuwa wakifika mwisho baada ya wanaume. Nao humalizia kwa Kwaremont na Paterberg zile zile. Maana yake, ukibaki Paterberg baada ya wanaume kupita mara ya mwisho, utawaona wanawake pia. Watu wengi huondoka wakati huo, na nafasi nzuri kwenye uzio zinabaki wazi. Hiyo ni hasara yao: Lotte Kopecky ameshinda mbio hizi 2022, 2023 na 2025 huku Wabelgiji wenzake wakitazama, na kelele za pale hazipungui hata kidogo.

Mkitaka mstari wa mwisho, fanyeni hivi: wanaume wakishapita Paterberg ya pili, chukueni baiskeli mara moja na kurudi Oudenaarde kwa njia ya mto. Wanaume hamtawawahi, wao wanamaliza kilomita 13 kwa muda usiofika dakika ishirini. Lakini wanawake mtawawahi. Hakikisheni tu kwenye jedwali la mwaka wenu, kwa sababu saa za kuanza husogezwa kwa ajili ya televisheni.

Mwanzo wa wanaume, ndiyo, ufuteni. Ukiwaona wakiondoka Brugge saa nne, kwa treni za Jumapili na kubadilisha Gent utafika Kwaremont kundi linapita au limeshapita. Mkitaka kuona mabasi ya timu na waendeshaji kwa karibu, nendeni asubuhi Oudenaarde kwenye timu za wanawake. Au fikeni mapema, maana Jumatano kabla yake kuna mbio nyingine, Dwars door Vlaanderen, zinazoishia Waregem, nako treni kutoka Gent inafika na umati ni mdogo. Jumamosi msipange kutembelea vile vilima. Siku hiyo ni ya waendeshaji wa kawaida, maelfu yao, wanapanda vilima vile vile. Itumieni kwa makumbusho ya Ronde pale Oudenaarde.

Viza ni ya Schengen, aina ya C, na mnaomba kwa Ubelgiji kama ndiko mtakakokaa siku nyingi zaidi. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Msingoje hizo siku 15, nafasi za miadi huwa ngumu kuelekea Pasaka. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 kwa matibabu. Chukueni hoteli mnayoweza kufuta bila kulipa mpaka viza itoke.

Nguo: mtasimama saa tano au sita shambani, na Aprili ya kule inaweza kuwa na jua, mvua na upepo ndani ya mchana mmoja. Viatu visivyopitisha maji ndiyo muhimu kuliko vyote. Mwavuli uacheni, unawaziba wenzenu na upepo ukiupeperusha unaingia barabarani. Vaeni koti la mvua.

gia_ndogo

Nimalizie jambo la kuvuka barabara, maana mkitembea kutoka Kwaremont kwenda Paterberg huenda mkalazimika kuvuka njia ya mbio. Gari lenye bendera nyekundu hutangulia mbio. Likishapita, barabara ni ya mbio peke yake mpaka lije la bendera ya kijani, linalofunga msafara. Katikati ya hayo mawili usivuke hata kama barabara ni tupu. Kunaweza kuwa na dakika kadhaa kati ya waliochomoka na kundi kuu, halafu magari ya timu na pikipiki huja kwa kasi kuliko baiskeli. Sikilizeni wasimamizi wenye fulana za kung'aa. Mkiona helikopta inakaribia, bakini upande mlioko.

Kingine, chapeni orodha ya waendeshaji na namba zao kwenye karatasi. Kila timu ina watu saba, na namba huenda kwa makumi: 1 hadi 7, 11 hadi 17, 21 hadi 27, na kuendelea. Namba inayoishia na 1 mara nyingi ni ya kiongozi wa timu. Ukiona 41 anaachwa Kwaremont ya pili huku 43 na 44 wako mbele, umeshajua timu ile imebadilisha mpango, na unajua wa kumtazama watakaporudi.