Dereva alinifungia milango nikamlipa 30,000, sasa ananipigia simu. Nifanye nini?

Dada_Kansanga
Jamani naombeni ushauri maana tangu Ijumaa silali. Mimi nafanya kazi Ntinda hapa Kampala, natoka saa tano usiku na saa hiyo kamunye, yaani zile teksi za abiria wengi, zimekuwa chache kwa hiyo naita gari kwa apu mpaka nyumbani Kansanga. Ijumaa nimeita, apu ikaandika 18,000, dereva akanipigia kabla hajafika akauliza naenda wapi na nalipa keshi ama vipi, nikasema keshi. Alipofika akaniambia dada kanseli hiyo safari, kampuni inanikata sana, nitakupeleka kwa 18 hiyo hiyo. Mvua inanyesha, miguu inaniuma, nikakanseli nikapanda.

Kupita Nsambya akaanza mafuta yamepanda, hela haitoshi, anataka 30. Nikamwambia si tumeelewana 18. Akasimamisha gari mahali penye giza kabla hatujafika Kabalagala, akafunga milango yote kutoka kwake mbele, akasema basi tulale hapa. Hakunigusa lakini niliogopa vile sijawahi, nikamtumia 30,000 kwa mobile money mikono inatetemeka ndiyo akanifikisha mpaka geti. Meseji ya hela ikaja na jina ambalo si lile la kwenye apu, na nikikumbuka sura naona hata si yule wa kwenye picha.

Nimeandikia kampuni, wananijibu safari ilikanseliwa na abiria kwa hiyo kwao hakuna safari. Na tangu Jumapili ananipigia, anasema anataka tuongee tu, ati anajua ninapokaa. Nihame? Niende polisi? Mume wangu yuko Juba, nikimwambia ataacha kazi arudi.

Bukoto_Moja
Pole dada. Lakini ulikanseli mwenyewe kwa mkono wako, hapo kampuni utaidai nini?

Dereva_wa_Koboko
Dada pole sana. Mimi naendesha gari la apu hapa Kampala mwaka wa sita sasa, na huyo si dereva, huyo ni mnyang'anyi mwenye usukani. Ndugu wa Bukoto usimlaumu, saa tano usiku na mvua mtu anapanda gari lililokuja.

Wacha niwaeleze kinachoendelea. Madereva wengi gari si lao, kila wiki lazima umpelekee mwenye gari hela yake hata kama uliumwa, kampuni nayo inakata kwa kila safari, mafuta juu yako. Ndiyo maana mtu anakuomba ukanseli. Na abiria pia wanatuomba hivyo hivyo, wanataka tuwapunguzie elfu mbili tatu. Wote wawili tunafikiri tumepata, kumbe tumefuta ushahidi. Ukishakanseli hakuna anayejua wewe uko kwenye gari gani, na mimi hakuna anayejua nimembeba nani.

Naongea hivi kwa sababu yalinikuta. Jamaa alinisimamisha Wandegeya, akasema apu yake imegoma, nimpeleke Kyanja tuelewane bei. Njiani akachukua wenzake wawili. Tukafika barabara ya vumbi, wakanishika shingo na mkanda, wakachukua simu mbili na hela zote za siku, nikashukuru gari waliliacha. Tangu siku hiyo nikipigia kasitoma kumuuliza mko wangapi, naombeni msione kama nina dharau, naogopa pia, nina watoto wanne.

Kuhusu jina, huyo anaendesha kwa akaunti ya mtu mwingine, wanakodishana. Kampuni waandikie upya, uwape namba ya gari uliyoiona kwa macho kama unaikumbuka, saa, na picha ya skrini ya oda kabla hujakanseli. Hata safari iliyokanseliwa mara nyingi inabaki kwenye historia yako ya apu. Usikubali jibu la kwanza.

Mama_Zawadi
Mwanangu, usihame na usinyamaze. Nenda polisi kesho asubuhi, usiende peke yako, chukua jirani. Mtu kukufungia ndani ya gari mpaka utoe hela ni jinai, si ugomvi wa nauli, na hivyo ndivyo uwaambie pale kaunta, usianze na habari za apu watakuambia nenda kwa kampuni. Waandike, wakupe namba ya SD, ile ya kitabu chao cha taarifa pale kituoni, usitoke bila hiyo namba. Ile meseji ya mobile money usiifute kabisa, laini za hapa Uganda zinasajiliwa kwa kitambulisho kwa hiyo hilo jina wanaweza kulifuata. Simu zake usipokee ila usizifute, zinaonyesha anakufuatilia. Mwambie pia mwenyekiti wa LC1 wenu, yaani wa mtaa, na askari wa geti.

Mimi nakumbuka kabla Uber haijaingia Kampala 2016 tulikuwa na spesho haya za steji, yaani teksi za kukodi, bei ni kuvutana mpaka koo likauke, lakini dereva nilikuwa namjua na mwenyekiti wa steji anamjua kwao. Siku hizi tunajua picha tu, na picha ndiyo hiyo inakodishwa. Kwa hiyo mimi sipandi kabla sijalinganisha namba ya gari na sura, na simtajii jina langu, namuuliza "umekuja kumchukua nani?" Asipojua, aende. Nashuka dukani kwa jirani, geti langu halijui. Na usiku mtoto wangu anakuwa na linki ya safari mpaka nifike. Ikibidi 999 au 112.

Na mume mwambie mama. Asikie kwako.

Bukoto_Moja
Nimesoma ya Koboko, nimekosea dada, unisamehe. Kama unataka mtu wa kukusindikiza polisi niandikie inboksi, mimi na mke wangu tutakuja.

Dada_Kansanga
Asanteni sana. Nimetoka polisi sasa hivi na jirani yangu, wameandika, namba ya SD ninayo. Afande aliipiga namba ile hapo hapo, ikaita mara moja ikazimwa. Kwenye historia ya apu nimepata oda yenyewe, namba ya gari ipo, nimewatumia kampuni tena pamoja na SD. Mume nimempigia, alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza kama nimekula.

Kaka wa Koboko, leo usiku natoka saa tano tena. Kama uko upande wa Ntinda naomba nikuite wewe, kwa apu, sikanseli.