Yule muuza bati wa Gerezani kaniambia "bati ni bati" mbele za watu!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Huyu mtu mnamjua: yule mwenye feni kubwa, na mdomo mkubwa kuliko feni.

Nyumba yangu iko Kigamboni, bahari naisikia nikiwa kitandani. Nilimwambia nataka bati la alumini na zinki, mpako wa gramu 150 kwa mita ya mraba. Akaapa ndilo hilo. Masika mawili tu, kingo zimeota kutu nyekundu kama mate ya tambuu. Leo nimempelekea kipande. Kakikwaruza kwa funguo, kacheka: "Dada, bati ni bati."

Bati ni bati! Wapiga debe wanasikiliza!

Mpako ule ni alumini asilimia 55, zinki 43.4, silikoni 1.6. Ukiutazama kwa darubini, alumini imeota matawi matawi na zinki imejaa katikati yake. Zinki inaliwa kwanza ili chuma kipone, matawi ya alumini yanabaki kuziba njia. Silikoni inazuia alumini isishikane na chuma kupita kiasi bati linapochovywa kwenye mpako ulioyeyushwa, maana tabaka la muungano wao likinenepa, bati likikunjwa linapasuka. Hizo gramu 150 ni za pande zote mbili, kama mikromita 20 (elfu ishirini za milimita moja, yaani 0.02) kila upande. Ukipewa 70, hata nusu hufiki. Halafu eti bati ni bati!

Fundi Paa: Pole dada. Fundi wako alikata kwa grainda? Cheche zinaunguza mpako, na vumbi lake la chuma likibaki juu ya bati linaota kutu. Bati linakatwa kwa mkasi.

Mleta mada: Mkasi! Nilisimama mwenyewe juani. Usimtetee muuzaji. Kacheka huku anakwaruza!

Mtoto wa Temeke: Mtu ana darubini hana ngazi 😂

Baba Nasra: Afadhali wewe. Mimi nimeuziwa nondo ya milimita 12, kuipima ni 10. Na nguzo zishamwagwa zege.

Mzee wa Site: Wa Tandika? Mwenye kofia?

Baba Nasra: Huyohuyo!

Mzee wa Site: Kumbe tuko wengi. Risiti unayo? Jumamosi twende wote, mimi nakuja na kipimo.