Tupeane uzoefu: mume na mke katika biashara moja, na kinachobaki baada ya kufunga mlango

Mama Cherehani (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mume wangu tunaendesha karakana ndogo ya ushonaji, na huu ni mwaka wetu wa 11. Yeye hukata na kushona suti na suruali. Mimi hushona nguo za kike, hupokea wateja na kutunza daftari la oda. Sikuja kumlalamikia mume, wala biashara haijatushinda, kwa kuwa inalipa kodi ya pango, inasomesha watoto na haidaiwi na mtu. Nimekuja na jambo ambalo nimelibeba miezi kadhaa bila kujua nimweleze nani, maana mtu ambaye kwa kawaida ningemweleza ndiye huyo huyo ninayeshinda naye kutwa.

Usiku mmoja, yapata saa saba, nilimsikia akijigeuza kitandani nikadhani anaota. Akaniuliza kwa sauti ya mtu aliye macho kabisa: "Lile koti la kijivu, bitana yake uliikata kabla au baada ya yule bwana kuja kulijaribu?" Nikamjibu kwamba ni baada. Akashusha pumzi, akalala. Mimi usingizi uliniruka, nikabaki nikitafuta kichwani ni lini mara ya mwisho aliniuliza swali usiku ambalo halikuwa na uzi wala bitana ndani yake.

Kesho yake tulikubaliana kwamba ikishafika saa 2 usiku hakuna ruhusa ya kutaja kazi. Lilionekana jambo jepesi. Jioni ya kwanza tuliketi, tukatazamana, akaniuliza kama nadhani mvua itanyesha, nikasema huenda, na hapo maongezi yakakatika. Jioni ya tatu ndipo nilipolitambua tatizo letu, nalo silo nililolidhania. Upendo upo na muda tunaupata. Tunachokosa ni habari. Mke anayefanya kazi kwingine hurudi nyumbani na jambo ambalo mumewe hakuliona: mkubwa wake amefoka, mwenzake amejifungua, njiani kumetokea kioja. Mimi kila nilichokiona tangu asubuhi, mume wangu naye alikiona, akiwa amesimama hatua tatu kutoka nilipo. Nimsimulie nini?

Naomba wanaofanya kazi na wenzi wao watueleze wanavyoishi nje ya kazi, kwa urefu wowote wanaoupenda. Aliyeshindwa naye asione haya kuandika.

Karani wa Droo

Dada, kwetu kilichotufuata nyumbani hakikuwa maongezi, bali fedha. Mimi na mke wangu tuna duka la kudurufu na kuchapa nyaraka, mwaka wa sita sasa, na kwa miaka mitatu ya mwanzo tulikuwa na droo moja tu. Mauzo ya siku yaliingia humo, na humo humo ndimo zilimotoka ada ya shule, nauli, wino wa mashine na mchango wa harusi ya shemeji. Mwisho wa mwezi kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba mtumiaji ni mwenziwe.

Siku moja hesabu ilipungua kwa kiasi kikubwa, nami nikamwuliza mke wangu mbele ya kijana wetu wa kazi, kwa ile sauti ambayo mwajiri mbaya humwulizia mtumishi. Hakunijibu. Aliendelea kupanga karatasi kwenye trei ya mashine, akizigonga kingo mara nyingi kuliko zilivyohitaji, mpaka yule kijana akaona haya akatoka nje. Baada ya siku mbili nilitia mkono katika mfuko wa shati langu nikakuta stakabadhi ya fundi wa gari. Fedha nilizitoa mimi mwenyewe. Usiku huo nilimwomba radhi, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Wewe uliyeniomba radhi ni mume wangu, na hukunikosea. Aliyenikosea ni yule bosi wa dukani. Yeye namsubiri." Asubuhi ilinibidi niombe radhi tena, kaunta ikiwa wazi na kijana akisikia.

Tangu hapo kila mmoja wetu hupokea mshahara tarehe 28, mdogo lakini wa uhakika, na chochote kinachotolewa nje ya mshahara huandikwa kwa jina la aliyekitoa. Wahasibu huita hayo matoleo ya mwenye mali, na hawayachanganyi na matumizi ya biashara, kwa sababu kwao biashara ni nafsi iliyo mbali na mwenyewe, hata ikiwa ni ya meza moja. Zamani niliona hayo ni madoido ya makampuni makubwa. Nilipoanza kuyafuata ndipo nilipogundua kwamba miezi tuliyokuwa tukiisifu kwa mauzo ilikuwa imekula fedha za kununulia karatasi za mwezi unaofuata, na kwamba tulikuwa tukigombana juu ya nani ametumia faida ilhali faida yenyewe haikuwapo.

Lakini faida niliyokusudia kukuelezea ni nyingine. Sasa mke wangu ana fedha ambazo sijui amezifanyia nini, nami pia ninazo zangu. Mwaka uliopita, kwa mara ya kwanza tangu tufungue duka, niliweza kumnunulia zawadi ambayo bei yake hakuwa ameiona daftarini kabla ya kuifungua.

Nilijitoa

Nitaandika machache. Tulifungua duka la vipuri pamoja, na baada ya miaka minne nikaondoka, duka nikamwachia mke wangu. Yeye ni msimamizi bora kuniliko, na mimi sikuweza kupokea amri kutoka kwa mtu ninayelala naye chumba kimoja; nalisema wazi ingawa halinipi sifa. Sasa nimeajiriwa kwingine. Jioni yeye hunisimulia ya dukani, nami humpa ushauri ambao haufuati, na tunapatana kuliko wakati wowote.

Bila Sahihi

Mimi na mume wangu tuna karakana ya samani. Yeye ndiye fundi, mimi kwa miaka tisa nimeandika ankara, nimelipa mafundi, nimebishana na wauza mbao na kudai madeni kwa wateja ambao yeye huona aibu kuwadai. Kisha akafanyiwa upasuaji, akalazwa wiki tatu. Mshahara wa mafundi ulipofika nilikwenda benki, na karani, kwa adabu kabisa, akaniuliza mimi ni nani katika biashara hiyo. Nikamjibu kwamba ni mke wake. Akatabasamu, akasema alichouliza ni cheo.

Cheo sikuwa nacho. Akaunti ilikuwa ya jina moja, leseni ya jina moja, na kwa miaka yote hiyo mume wangu alikuwa akinitambulisha kwa watu kwa neno moja, "ananisaidia", nami nikiona ni neno zuri. Baadaye nilikuja kusoma kwamba katika mgawanyo wa aina za wafanyakazi uliopitishwa mwaka 1993 chini ya Shirika la Kazi Duniani, kulikuwa na kundi la wanafamilia wanaochangia kazi katika biashara ya ndugu wanayeishi naye nyumba moja, ambao hawakuhesabiwa kuwa wabia kwa sababu mchango wao, kwa saa au kwa mambo mengine, haukulingana na wa mwenye biashara. Nilijitambua humo, kisha nikakasirika, maana saa zangu hazikupungua zake hata siku moja.

Nimesoma pia habari za Bertha Benz wa Ujerumani, ambaye mwaka 1871, kabla hata ya kuolewa, alitoa fedha alizotengewa na wazazi wake ili kuikomboa karakana ya mchumba wake Carl. Hataza ya gari, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya mwaka 1886 ilitoka kwa jina la mume peke yake. Mwaka 1888 mama huyo alilichukua gari bila kumuaga mumewe, akawapakia wanawe wawili, akasafiri nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilomita zaidi kidogo ya 100, akilitengeneza njiani kila lilipogoma. Dada wa cherehani, huyo alirudi na habari ya kusimulia.

Mume wangu alipopona tuliandikisha ubia. Malipo madogo yanatosha sahihi ya mmoja wetu, makubwa yanataka sahihi zote mbili. Anayetaka kufuata njia hii aelewe kwamba ubia wa kawaida haugawi faida tu: deni analoliingia mmoja kwa jina la biashara humfuata na mwenziwe, na laweza kuzigusa hata mali zao binafsi. Sisi tulilijua hilo tukaamua kwamba nyumba tunayoishi haitawekwa rehani kamwe, na tukaliandika. Katika maisha ya nyumbani badiliko ni dogo kwa kulitazama, lakini mimi nalisikia kila mara. Tukiwa kwenye sherehe na mtu akamwuliza mume wangu juu ya kazi, hugeuka kunitazama kabla ya kujibu.

Fundi Simu

Mke wangu na mimi hutengeneza simu, na ugonjwa wetu ulikuwa kutopumzika. Nilikuwa nikijitetea kwamba kujiajiri ndivyo kulivyo, mpaka nilipojua kwamba hata sheria za dunia zimetuacha nje. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 za kazi kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, lakini ukaziondoa sehemu za kazi ambamo wanaofanya kazi ni watu wa familia moja tu. Mwaka 1921 ukaja mkataba wa mapumziko ya wiki, saa 24 mfululizo ndani ya kila siku saba, nao ukaziruhusu nchi kuziacha nje kazi kama hizo za familia. Nadhani waliotunga waliona aibu kuingilia mambo ya watu na wake zao. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani ana mtu wa kumwambia "nenda kapumzike", lakini mimi aliyetakiwa kuniambia hivyo ni mke wangu, naye alikuwa ameinamia meza, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, akichomelea.

Tulichofanya ni kununua laini ya pili na kuiita ya kazi. Simu ya laini hiyo hulala dukani, ndani ya kabati lililofungwa. Mwezi wa kwanza wateja walitufuata nyumbani, mmoja akagonga dirisha alfajiri akiwa na simu iliyotumbukia majini, na mke wangu alimtengenezea, kwa sababu maji hayasubiri. Wateja wawili walituhama kwa hasira. Siku ya mapumziko tunayo, japo nakiri kwamba miezi ya mwanzo mimi niliitumia kulala tu, jambo ambalo mke wangu hakulihesabu kuwa ni maisha nje ya kazi.

Mzee wa Pasi

Wanangu, nimewasoma wote kwa makini, na naomba ruhusa ya kupingana nanyi kidogo. Mimi na mama tumefua na kupiga pasi nguo za watu kwa miaka 26. Kuzungumza kazi usiku hatukujikataza hata siku moja, na sioni sababu. Mkulima na mkewe huzungumza shamba hadi usingizi uwachukue, na hakuna anayewahurumia. Yule bwana aliyeuliza bitana usiku wa manane hakuwa akimnyima mkewe kitu. Alikuwa na wasiwasi, akampelekea mtu anayemwamini.

Ila nakubaliana na mwanangu wa cherehani juu ya habari, na dawa yake sisi tuliipata bila kuitafuta. Mama aliingia kwaya, na mazoezi ni mara mbili kwa wiki. Mimi sina sauti, kwa hiyo sikumfuata. Miezi ya mwanzo nilinuna, nikaona kwamba muda mchache tuliobakiwa nao anaugawia watu wengine. Kisha nikaona anarudi na visa vya kwaya: nani kagombea kuimba mbele, nani kakosea ufunguo wa wimbo mbele ya wageni, mwalimu kasema nini. Watu hao siwajui, lakini nawafuatilia kama mchezo wa redioni. Nami nikaanza kwenda kucheza bao na wazee wenzangu. Watu wengi wanaofanya kazi pamoja wakishauriwa watafute muda wa pamoja huenda matembezini, wakakaa tena uso kwa uso, yaleyale. Nyinyi muda wa pamoja mnao hadi umewazidi. Tafuteni wa kuachana kidogo, kisha mrudiane.

Mama Cherehani

Nawashukuru nyote. Shikamoo, mzee wa pasi. Nimekuelewa, na ile amri ya saa 2 usiku tumeifuta. Kaka wa droo, habari ya bosi aliyesubiriwa nimemsomea mume wangu kwa sauti, akacheka, kisha akanyamaza, na nadhani najua alichokikumbuka.

Zimepita wiki tano. Tumeanza na jambo dogo: Jumatano yeye huondoka karakana saa 10 alasiri na mimi hufunga peke yangu, Ijumaa naondoka mimi. Hatuulizani kila mmoja amekwenda wapi hadi tukutane nyumbani. Wiki ya kwanza alikwenda moja kwa moja kuutazama mtambo wa kutoboa matundu ya vifungo, na alipojitetea kwamba alikuwa akipita tu, sikumwamini. Wiki ya pili na ya tatu alikaa nyumbani akinisubiri.

Jumatano iliyopita alirudi baada yangu. Alikuwa amekutana na mtu aliyesoma naye shule ya msingi, wakakaa muda mrefu, na mtu huyo siku hizi anafuga njiwa. Aliniambia jinsi njiwa anavyoachiliwa mbali akarudi mwenyewe, akinionyesha kwa mikono ukubwa wa banda. Mimi sikuwahi kumsikia mtu huyo, wala sikujua kwamba mume wangu, alipokuwa mtoto, alikuwa na njiwa wawili waliopotea asirudi hata mmoja. Nilimwuliza maswali hadi maji niliyoinjika yakakauka jikoni.