Liemba ya maboksi: bodi ya meli imepinda na omo (sehemu ya mbele) limejikunja, msaada wakuu

Mwambao_KGM
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza modeli ya MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kwa maboksi, ya kuwekwa darasani hapa Mwanga, Kigoma. Meli ina urefu wa kama mita 71 na upana wa mita 10. Kwa kipimo cha 1:100 yangu ni sentimita 71 kwa 10. Mkuku (uti wa mgongo wa meli, chini) na mataruma (mbavu za ndani) nimekata kwenye boksi la sabuni, kila ubavu nimeufunika kwa karatasi ngumu kipande kimoja, gundi ni uji wa ngano. Ilipokauka imepinda kama ndizi, na kwenye omo karatasi imejikunja. Nimekosea wapi?

Isevya_TBR
Mkuu, uji ndio umekuponza. Karatasi ikinywa maji inatanuka, ikikauka inasinyaa na kuvuta kila ilichoshika. Ukimaliza ubavu mmoja kwanza, unavuta mkuku upande wake na hauachii tena. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, paka nyembamba, usiongeze maji. Uji unaita mende pia.

Halafu mkuku: mawimbi ya ndani ya boksi yakisimama wima, boksi linajikunja kama kitabu. Yalale kwa urefu wa meli. Gundisha matabaka mawili, viungo vyake vipishane sentimita 10 hivi, kisha yakandamize kwa matofali usiku kucha.

Msasa Laini
Kweli kabisa, ila la omo ni jambo jingine. Pale bodi inapinda pande mbili kwa pamoja, na karatasi bapa haikubali hilo kwa gundi yoyote. Kata boksi la biskuti vipande virefu vyenye upana wa sentimita 1, uvichonge vipungue hadi milimita 5 kwenye ncha. Buruza kila kimoja kwenye ukingo wa meza kizoee kupinda. Anzia usawa wa sitaha (sakafu ya juu ya meli): kimoja kulia, kimoja kushoto, hivyo hivyo hadi chini. Mataruma yawe kila sentimita 4, kwenye omo na tezi (nyuma ya meli) kila 2, la sivyo mbavu zitatokeza kama za ng'ombe wa kiangazi.

Mwambao_KGM
Asanteni sana. Na madirisha ya duara? Mashine ya kutobolea karatasi inatoa makubwa.

Msasa Laini
Tundu lake ni milimita 6, yaani dirisha la sentimita 60! Tafuta antena ya redio mbovu, kata pingili yenye milimita 3 au 4, noa mdomo wake kwa msasa. Weka kipande juu ya kandambili kuukuu, gonga nyundo mara moja. Toboa kabla ya kugundisha, nyuma bandika karatasi nyeusi.

Kibirizi Juu
Ndugu, kabla ya dohani (bomba la moshi), amua ni Liemba ya lini. Iliingia majini Kigoma 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikapisha dizeli. Ukichanganya picha za vipindi tofauti, sehemu za juu hazitakubaliana. Chukua picha moja ya ubavuni: meli ikiwa sentimita 14.2 pichani, kila kipimo zidisha kwa 5.

Rangi ya maji itavimbisha boksi. Piga vanishi mikono miwili, kisha rangi ya mafuta. Ndani pia upige, maana masika ya huku boksi linanyonya unyevu, na ufanye hivyo kabla ya kufunga sitaha. Baadaye brashi haifiki.